Choo cha Wageni

Mchungaji alirudi kutoka semina akiwa na mkoba mpya na neno jipya. Mkoba ulikuwa wa turubai, umechapwa jina la wafadhili. Neno lilikuwa "uwazi". Jumapili iliyofuata alilitamka mara nyingi kiasi kwamba wazee wa baraza, waliokaa mstari wa mbele, walianza kulitamka pamoja naye kama kiitikio cha wimbo. Kanisa la leo halina pazia, alisema. Mshirika aseme, kiongozi asikie. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo kanisa lilikuwa limefungua Uwanja wa Mazungumzo ya Wazi, yaani kundi la kwenye simu ambamo kila mtu angetoa la moyoni bila woga.

Masharti ya kusema bila woga yalifika jioni ileile. Ujumbe usiwe mrefu. Uanze na salamu ya imani. Usimtaje kiongozi kwa jina, wala kwa cheo, wala kwa namna ambayo mwenyewe akisoma atajijua. Usihusu jambo lililoko barazani, wala lililokwisha kumalizwa na baraza, wala ambalo baraza lingependa kulifikiria siku zijazo. Na kila ujumbe upite kwanza kwa Katibu, aupime, ndipo autoe. Katibu alikuwa amestaafu kazi ya forodha. Kuzuia mizigo mpakani ilikuwa fani yake.

Binti wa Mwalimu aliyasoma masharti hayo akiwa kazini, darubini ikiwa bado imewaka taa. Pale kanisani walimwita Maabara, kwa sababu ndiko alikofanya kazi, na pia kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza "umejuaje?" mahali ambapo wenzake husema "hakika". Hakuwa na ugomvi na uwazi. Katika kazi yake uwazi ni jambo la kila siku: mtu analeta kikopo, kikopo hakina siri, na majibu yanatoka yalivyo, yapendeze yasipendeze. Alichotilia shaka ni uwazi unaokaguliwa na forodha. Lakini alikuwa na swali moja, na kwa muda mrefu hakupata pa kuliuliza.

Swali lilihusu choo.

Vyoo vya waumini vilikuwa nyuma kabisa ya kiwanja, ukipita jiko, ukipita banda la viti, kisha ukipanda ngazi za mawe zisizo na pa kushika. Choo kingine kilikuwa kwenye mlango wa pembeni wa kanisa lenyewe, karibu na birika la ubatizo. Kilikuwa na vigae vyeupe, sinki, kioo, sabuni ya maji na taulo iliyokunjwa pembe nne. Kilijengwa kwa ajili ya wageni, na mgeni aliyekusudiwa ni askofu. Askofu alifika mara moja, akahubiri, akala, akaaga. Kwa ushahidi uliopo, hakukitumia. Tangu siku hiyo kilikuwa kimefungwa.

Jambo hili lisingemhusu Maabara kama si baba yake. Mwalimu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kusahihisha watu bure. Alikuwa pia sauti ya besi ya kwaya, ile sauti ya chini ambayo huitambui lakini ikikosekana paa linaonekana limepungukiwa nguzo. Kisha tezi dume ikavimba. Daktari alimweleza vizuri: si ugonjwa wa kuua, ni wa kukimbiza. Dawa zilisaidia kiasi, na kwa upasuaji alikuwa amewekwa kwenye foleni. Kwa wakati huo haja ndogo ilikuwa haimpigii hodi, inaingia moja kwa moja kama ndugu wa karibu. Alijaribu zile ngazi za mawe. Jumapili moja hakuwahi. Suruali ilikuwa nyeusi, hakuna aliyeona. Yeye aliona, na ilitosha. Jumapili iliyofuata alisema ana mafua, akabaki nyumbani. Mafua hayo sasa yalikuwa na umri wa kutambaa.

Bahati nzuri ibada ilikuwa ikirushwa mtandaoni. Mwalimu aliifuata sebuleni, amevaa suti, tai na viatu, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Wakisimama anasimama. Wakiimba anaimba, besi tupu, nyumba nzima ikitetemeka vyombo. Matangazo yakianza huenda chooni kwake taratibu na kurudi kabla hayajaisha, jambo lisilo gumu, kwa kuwa matangazo ya kanisa lile yangemruhusu kwenda na kurudi mpaka achoke.

Mchungaji aliyaona haya kuwa ni matunda. "Tulidhani mtandao ni wa vijana," alisema mimbarini, "kumbe hata mvi zimekumbatia teknolojia." Aliwapa jina: Wazee wa Mtandao. Walikuwa wengi na walizidi kuongezeka, na kila Jumapili aliwapungia mkono kwenye kamera. Viti vyao vya mbele vilibaki vitupu, ila hilo halikuonekana kwenye picha, kwani kamera ilielekea mimbarini.

Sasa ubatizo wa mtoto wa Maabara ukakaribia. Kwa utaratibu wa kanisa lile, jina la mtoto halitolewi na mchungaji. Mkubwa wa familia husimama penye birika, humpokea mtoto mikononi, hulitamka jina, na mchungaji hulirudia. Mkubwa wa familia alikuwa Mwalimu. Jina lilikuwa la marehemu mkewe.

"Nitalitamka hapahapa," Mwalimu alisema, gazeti likiwa limefunika uso. "Nyinyi mbatizeni huko. Jina ni jina."

"Baba, jina la mama utamtamkia nani, kopo la sukari?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii, nakuuliza. Kile choo cha pembeni kikifunguliwa, utakuja?"

Gazeti lilishuka kidogo. "Nitakuja. Hata leo."

"Basi nitaomba kifunguliwe."

"Utamwomba nani?"

"Nitauliza kwenye Uwanja. Si wamesema tuseme?"

"Utasema ni kwa ajili ya nani?"

Maabara alisita, na Mwalimu, aliyeishi kwa kuvizia kusita kwa wanafunzi, akamdaka. "Sikiliza, mwanangu. Kibofu changu si tangazo la kanisa. Uliza unavyotaka, ila mimi usinitie humo. Nusu ya watu wale nimewafundisha. Wote walikuwa wananyoosha kidole, wananiomba mimi ruhusa ya kwenda kukojoa."

Hivyo Maabara akaandika bila kumtaja mtu: Bwana asifiwe. Naomba kuuliza kwa nini choo cha pembeni hufungwa wakati wa ibada, na kama kinaweza kufunguliwa kwa ajili ya wazee na wagonjwa.

Ujumbe haukutoka. Badala yake Katibu akapiga simu.

"Dada, ujumbe mzuri. Ila kuna neno moja."

"Neno gani?"

"Hilo la choo. Uwanja una watu wa kila namna. Tuandike maliwato."

"Maana ni ileile, Katibu."

"Ni ileile, lakini inaingia kistaarabu."

Maliwato yakaingia kistaarabu, na Uwanja ukaitika. Inafaa kueleza hapa kwamba katika kanisa lile kila ujumbe hujibiwa Amina. Ni adabu, kama kuitikia hodi. Aliyeandika kwamba amepoteza kandambili kwenye harusi alijibiwa Amina. Aliyekosea akatuma picha ya mabati anayouza alijibiwa Amina, na mmoja akaongeza "uinuliwe". Swali la maliwato lilipata Amina nyingi kuliko mahubiri ya wiki nzima. Ilikuja mikono ya manjano iliyokunjwa, ikaja njiwa, yakaja maua ya asubuhi njema ingawa ilikuwa alasiri. Mama mmoja aliyeitwa Mama Nukuu, kwa kuwa hajawahi kuonekana akisema sentensi yake mwenyewe, alituma mstari kuhusu vipimo vya hema la jangwani. Mtu fulani akaomba akumbukwe katika suala la pasipoti. Mwingine akasema tuepuke roho ya lawama. Maabara akamjibu kwamba hakulaumu, aliuliza. Jibu hilo Katibu hakulitoa, kwa maelezo kwamba lingerefusha mazungumzo.

Katika watu wote hao hakuna aliyejibu swali. Maabara alingoja kama anavyongoja sampuli iote: bila hasira na bila matumaini ya ziada.

Jumapili Katibu akasimama na matangazo. Baada ya kandambili akafika kwenye Uwanja. "Hoja ya maliwato ya pembeni iliwasilishwa," alisoma, "na washirika wameiafiki kwa Amina. Yataendelea kufungwa."

"Amina," kanisa likasema.

Maabara alimfuata ofisini ibada ilipokwisha. Ofisi ilikuwa na meza kubwa kuliko chumba, na ukutani nyuma ya kiti cha Katibu kulikuwa na ubao wa misumari, kila msumari na ufunguo wake, kila ufunguo na kipande cha karatasi ngumu. Ule uliofungwa utepe mwekundu ulining'inia sawia na sikio la Katibu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, dada. Umeona hoja yako ilivyopita vizuri? Hakuna aliyepinga."

"Haikuwa hoja. Lilikuwa swali."

"Basi swali lilipita."

"Swali linapitaje?"

"Kwa Amina," Katibu alisema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni. "Hapa kila kitu kinapita kwa Amina. Jengo hili lilipita kwa Amina. Mimi mwenyewe nilipita kwa Amina."

"Niliuliza mambo mawili: kwa nini kinafungwa, na kama kinaweza kufunguliwa. Waliosema Amina walikubali lipi?"

Katibu alilifikiria jambo hilo kwa haki, macho yake yakiwa darini. "Walikubali kwamba umeuliza."

"Sasa uamuzi wa kuendelea kufunga umetoka wapi?"

"Umetoka palepale. Walipokubali kilikuwa kimefungwa. Hakuna aliyesema kibadilike."

"Mimi nilisema."

"Wewe uliuliza, dada. Umesema mwenyewe sasa hivi."

Maabara aliutazama utepe mwekundu. Alikuwa na mkono mrefu na meza haikuwa pana kiasi hicho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima alipima umbali kwa nia mbaya.

"Ufunguo wenyewe ndio huo?"

Katibu hakugeuka. "Upo salama, kama ndilo linalokuhofisha."

"Naomba uniazime siku ya ubatizo tu. Nitaurudisha."

"Anayeuhitaji ni nani?" Katibu alisogeza kiti. Sauti yake ilishuka ikawa ya siri, ambayo ndiyo sauti ya uwazi. "Ukinitajia mtu, na tatizo lake lilivyoanza, na cheti cha daktari, tutalipeleka barazani. Baraza ni watu wazima. Litabaki kwa hao na wake zao."

"Ni mzee," Maabara alisema.

"Ah, wazee. Wazee siku hizi wako mtandaoni na wanaendelea vizuri. Hata Mwalimu, baba yako, simwoni hapa lakini namwona kwenye simu kila wiki, ananawiri. Si ndiye mwenye kutaja jina? Usihangaike. Fundi mitambo atampigia, tutamweka kwenye spika, atalitamka akiwa kochini. Teknolojia ipo, tunajitesa nini?"

Nyumbani alimweleza baba yake yote kama anavyosoma majibu ya vipimo, bila kupandisha wala kushusha sauti. Mwalimu alisikiliza akiwa bado na tai.

"Kwenye spika," alisema mwishoni.

"Ndiyo. Baba mkubwa wa upande wa mume wangu atamshika mtoto. Wewe utasikika."

"Yule asiyejua kutamka hata jina lake."

"Huyohuyo."

"Na hukuwaambia kwamba mzee mwenyewe ni mimi."

"Sikuwaambia. Ulinikataza."

"Vizuri," Mwalimu alisema, lakini hakuonekana kufurahia utii huo. Alikaa akiitazama simu yake kwenye kopo la sukari kama mtu anayemtazama mpangaji mdaiwa sugu. Kisha akauliza, kama vile anabadilisha mazungumzo: "Hiyo Alasiri ya Uwazi anayoitangaza Mchungaji, maoni yanapitia kwa Katibu?"

"Hapana. Yale yanakwenda moja kwa moja kwenye skrini. Fundi alitafuta namna ya kuyazuia hakuipata."

"Aha," Mwalimu akasema, akaomba chai.

Alasiri ya Uwazi ilikuja Jumamosi iliyofuata. Mchungaji aliketi kwenye kiti kirefu mbele ya madhabahu, hana joho, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko ili watu waone kwamba hakuna alichoficha. Mbele yake kulikuwa na skrini, na kwenye skrini maoni ya walio majumbani yalikuwa yakipanda moja baada ya jingine. Nusu ya viti vilikuwa na watu. Maabara alikaa katikati, mtoto mapajani, mumewe pembeni. Alikuwa amejiandaa kunyoosha mkono na kuuliza tena, kwa maneno yaleyale, kwa sababu kipimo kisichoeleweka hurudiwa.

Mchungaji alianza na salamu. Alikuwa na desturi ya kuzisoma zote kwa sauti, harakaharaka, kama mtu anayetafuna karanga huku anazungumza: mkono unachukua, mdomo unasaga, macho yako kwingine. "Tunasalimiwa na mama wa kushona, yuko safarini, anasema tumebarikiwa."

"Amina," kanisa likaitika.

"Tunasalimiwa na familia ya muuza vipuri, wote wazima."

"Amina."

"Na huyu hapa ni Mwalimu wetu, Mzee wa Mtandao namba moja. Mwalimu anasema: Bwana asifiwe. Mimi ni mzima wa akili, ila nina tezi dume."

"Amina," likasema kanisa.

Mdomo wa Mchungaji ulikuwa umeyatangulia macho yake, na sentensi za Mwalimu, kama walivyojua wote waliowahi kukaa darasani kwake, hazina mahali pa kushukia njiani. Aliendelea kusoma. "Haja ndogo ikinishika, nina muda mchache sana. Ngazi za vyoo vya nyuma zinanishinda. Jumapili moja nilijikojolea hapo kanisani, na hiyo ndiyo sababu siji. Sikuwa na mafua. Sikukumbatia teknolojia. Naomba choo cha pembeni kifunguliwe ili nije kumpa mjukuu wangu jina."

Mtu mmoja nyuma, kwa mazoea, akasema Amina. Alisikika peke yake, na akaisikia mwenyewe.

Maabara alihisi uso wake unapata moto, akajua kwamba watu walikuwa wakimtazama, akajua pia kwamba hakuna hata neno moja katika yale yaliyosomwa ambalo si kweli. Mtoto alivuta mkufu wake. Mchungaji alikunywa maji, akateremsha macho kwenye skrini kutafuta salamu nyepesi ya kuokolea jahazi, akaikuta fupi mno, nzuri mno, akaisoma kwa shukrani.

"Seremala mstaafu anasema: Na mimi."

Akaikimbilia inayofuata. "Fundi cherehani anasema: Mimi pia, tangu kabla ya mvua." Sasa hakuweza kuacha, kuacha kungeonekana. "Mzee wa zamu anasema: Mimi ni magoti, lakini na hilo pia. Bibi... bibi mmoja anasema msidhani ni wanaume peke yao."

Yaliendelea kupanda. Wazee wa Mtandao, fahari ya kanisa, waliopungiwa mkono kila Jumapili, walikuwa wakiandika mmoja mmoja kwa vidole vizito, na ilianza kudhihirika kwamba teknolojia ile walikuwa wameikumbatia kwa sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Katibu alisimama mstari wa mbele. "Mchungaji, kwa utaratibu, hoja hii ilishafungwa."

Maabara naye akasimama, mtoto begani. "Haijajibiwa, Katibu. Niliuliza kwa nini kinafungwa. Naomba jibu hilo tu."

Mchungaji alimtazama Katibu. Katika semina waliambiwa kwamba kiongozi mwazi humpa mwenzake nafasi ya kujibu, na mara hii alilifuata somo kwa moyo wote.

"Kinafungwa," Katibu alisema, "ili kisichafuke."

Pengine sababu ile ilikuwa ikionekana kubwa ilipokuwa ndani ya kichwa chake, pamoja na ule utepe. Ilipotoka nje, mbele ya watu, ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata Mama Nukuu hakupata mstari wa kuisaidia.

"Kikichafuka kitasafishwa," Maabara alisema, akakaa.

"Leta ufunguo," Mchungaji akasema.

"Baraza halijakaa, Mchungaji."

"Lilete na baraza likitaka. Ufunguo kwanza."

Maabara alipofika nyumbani alimkuta Mwalimu ameizima simu na kuilaza kifudifudi. Hakuinua macho.

"Ulisikia?" Maabara aliuliza.

"Nilisikia. Anasoma vibaya, hazingatii vituo."

"Baba. Ulisema kibofu chako si tangazo."

"Nawe ulisema spika." Aliisukuma simu kando. "Sasa kila mtu anakijua. Mwanafunzi wangu mmoja amenitumia bei ya mbegu za maboga. Mwingine ameniombea kwa sauti, amejirekodi, dakika nzima, anataja kiungo kwa jina. Huyo alikuwa akipata sufuri kwenye ramani."

"Unajuta?"

"Najuta," Mwalimu alisema. "Nguo yangu ya Jumapili iko wapi?"

Kesho yake Uwanja ulipokea ujumbe wa Mchungaji, uliotangulia maoni ya mtu yeyote. Uwanja wa Mazungumzo ya Wazi umezaa matunda, uliandikwa. Kupitia mashauriano ya kina kati ya uongozi na washirika, maliwato ya pembeni yatatumika na wazee. Zitaundwa kanuni za matumizi. Amina zilimiminika kama kawaida, na safari hii angalau kulikuwa na cha kuitikia.

Siku ya ubatizo viti vya mbele vilijaa suti. Zilikuwa suti zilizokaa kabatini muda mrefu na kukunjika zinapotaka zenyewe, na ndani yake walikuwamo seremala, fundi cherehani, mzee wa zamu na wengine, wakipeana mikono kama watu waliotoka safari za mbali ilhali wote wanaishi mtaa uleule. Kwaya ilipoimba, paa lilirudishiwa nguzo yake, na msichana wa sauti ya kwanza aligeuka nyuma akatabasamu, akakosea ubeti.

Kulikuwa na tatizo dogo ambalo mashauriano ya kina hayakulitazama. Choo kilikuwa kimoja. Wazee, waliokaa nyumbani miezi kwa sababu ya choo, hawakuwa wamekuja kanisani kukiangalia kwa mbali. Mahubiri yalipofika katikati, foleni ilikuwa imeanzia mlango wa pembeni ikafuata ukuta mpaka chini ya mimbari, na waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiongea, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, kuhusu dawa. Katibu alisimama mlangoni, ufunguo mfukoni, taulo ya wageni chini ya kwapa. Choo alikuwa amekitoa, taulo hakuitoa. Mchungaji alihubiri akishindana na mjadala wa kipimo cha sukari, na haikuwa wazi nani anaongoza.

Kabla ya ubatizo Mwalimu alimnong'oneza binti yake, "Nakwenda mara moja," akajiunga na foleni. Seremala, kwa heshima ya siku, akampisha.

Wimbo wa ubatizo ulikwisha. Maabara na mumewe walisimama penye birika na mtoto. Mchungaji alifungua kitabu chake, akainua kipaza sauti.

"Mkubwa wa familia asogee."

Hakusogea mtu. Baba mkubwa wa upande wa mume alijiinua nusu kwenye kiti chake, kama mtu asiyetaka kulazimishwa lakini aliye tayari kulazimishwa. Katibu alikuwa ameshafika pembeni mwa birika. "Huyu atashika," alinong'ona, "muda umekwenda. Au tuseme Mwalimu amepata udhuru."

Kamera ilikuwa inatazama. Kuna maneno mengi ambayo kanisa lile lilikuwa nayo tayari kwa saa kama hiyo, yote safi, yote yamekunjwa pembe nne: udhuru, dharura, sababu zisizozuilika. Maabara aliyapitia yote kichwani, akaona hakuna hata moja linaloeleza mtu yuko wapi. Akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Mchungaji.

"Baba yuko chooni," alisema. "Tunamngoja."

Hakuna aliyecheka. Seremala alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia taarifa sahihi. Mama mmoja akamnyamazisha mtoto wake. Baba mkubwa akarudi kitini polepole. Katibu alitazama kitasa cha mlango, kisha viatu vyake. Wakangoja, kanisa zima, na haikuwa rahisi, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kungojea kitu bila mtu kukiombea. Mchungaji alifungua mdomo mara moja kuingiza wimbo, akamwona Maabara, akaufunga.

Maji yakasikika ukutani, kwa nguvu, kisha bomba la sinki, kisha kimya cha mtu anayetafuta taulo asiione. Mlango ukafunguliwa. Mwalimu akatoka akifunga kifungo cha koti, viganja bado vina maji, akawaona wote wamegeukia kwake. Alisimama kidogo. Halafu akaja, hakimbii. Alikuwa ametembea kwa haraka muda mrefu na sasa hapakuwa na sababu. Alijifuta mikono kwenye suruali yake nyeusi, akampokea mjukuu wake, akalitamka jina la mkewe kwa sauti iliyofika mpaka ngazi za mawe.

Nyuma yake, foleni ikasogea mtu mmoja.